Pauni 7,500 za pampu ya joto, na swali la nyuzi 45

Mwenye nyumba wa England au Wales anayeng'oa boila ya gesi na kufunga pampu ya joto hupunguziwa pauni 7,500 na serikali. Si mkopo, hazirudishwi, na hakuna anayeuliza mshahara wako ni kiasi gani. Mpango wenyewe unaitwa Boiler Upgrade Scheme. Ulianza 2022 chini ya usimamizi wa Ofgem, mdhibiti wa soko la gesi na umeme, ukitoa pauni 5,000 kwa pampu inayochota joto hewani na 6,000 kwa inayolichota ardhini, na tarehe 23 Oktoba 2023 zote mbili zikapandishwa hadi 7,500.

Waswahili walionunua nyumba huku, iwe Reading, Leicester au Milton Keynes, wakiulizia jambo hili huulizia hela: nani anapata, fomu iko wapi, inachukua muda gani. Hilo ndilo jepesi. Gumu ni kuhakikisha kwamba Januari ijayo nyumba ina joto na bili haijapanda, na hapo Ofgem haina msaada. Jibu liko kwenye namba moja ambayo wateja wengi huiruka wakikimbilia mstari wa bei: siku ya baridi kali kuliko zote, maji yanayokwenda kwenye rejeta, zile paneli za ukutani zinazopasha chumba, yatakuwa ya nyuzi ngapi?

Pampu ya joto ni kiyoyozi kilichogeuzwa. AC ya Dar au Muscat huchota joto chumbani na kulimwaga nje. Hii huchota joto nje, hata hewa ikiwa nyuzi 0, na kulimwaga kwenye maji yanayozunguka ndani ya rejeta. Fundi aliyewahi kufungua AC atavitambua viungo vyote: kompresa, koili mbili, valvu ya kupanulia gesi, na valvu ya njia nne inayogeuza mzunguko. Atajua pia kwamba kompresa hutaabika zaidi kadiri pengo la joto kati ya pande mbili linavyokua. Nje ikiwa nyuzi 7 na maji yakitakiwa yawe 35, mashine nzuri hutumia uniti moja ya umeme (kWh) kuleta uniti nne na zaidi za joto. Yakitakiwa yawe 55, mashine ileile huleta takriban tatu, wakati mwingine chini ya hapo.

Sasa iweke kwenye bei. Katika kikomo cha bei cha Ofgem cha Januari hadi Machi 2025, uniti ya umeme ilikuwa peni 24.86 na ya gesi peni 6.34. Gesi ikipita kwenye boila yenye ufanisi wa asilimia 85, uniti ya joto inakugharimu kama peni 7.5. Ili pampu ya joto ilingane nayo, wastani wake wa mwaka mzima, yaani uniti za joto kwa kila uniti ya umeme, lazima ufike 3.3. Ukifika 4, joto linashuka hadi peni 6.2. Ukiwa 2.5, ni peni 9.9, na hapo umelipwa ruzuku ili uongezewe bili. Kanuni za ruzuku zenyewe zinadai mashine iwe na kiwango cha msimu kisichopungua 2.8 tu. Mradi wa serikali wa Electrification of Heat, uliofunga na kupima pampu katika nyumba 742, ulikuta pampu za hewa kwa kawaida ziko chini kidogo ya 3. Kwa hiyo mtu anaweza kufuata kila sharti la serikali, akapewa vocha ya ruzuku bila tatizo, na bado akaishia upande mbaya wa hesabu.

Kuna nafuu moja ya pembeni inayosahaulika. Ukiacha gesi kabisa, pamoja na jiko, mita inaondolewa na ada ya kila siku inakufa. Kwa bei za kipindi hichohicho ilikuwa peni 31.65 kwa siku, kama pauni 115 kwa mwaka. Ukibakiza jiko la gesi kwa ajili ya chapati, ada inabaki yote.

Nani anapata, na hela inapita wapi

Anayestahili ni mmiliki wa nyumba, awe anaishi humo au amepangisha. Nyumba ya pili nayo inakubalika. Nyumba za kaunsili na za vyama vya nyumba hazimo. Nyumba mpya ya kununua kwa mjenzi haimo pia, isipokuwa ile uliyojijengea mwenyewe. Mfumo unaoondolewa lazima uwe wa gesi, wa mafuta au wa umeme wa moja kwa moja, zikiwemo zile hita nzito za ukutani zinazohifadhi joto la umeme wa usiku. Mfumo mpya lazima uibebe nyumba nzima, joto la vyumba pamoja na maji ya moto, na usizidi kilowati 45. Kwa hiyo wazo la kubakiza boila ya zamani "kwa siku za barafu" linaua ombi papo hapo. Mwenye fleti ambaye ardhi na jengo ni vya mtu mwingine apate kwanza ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo. Ruzuku haimpi haki ya kutoboa ukuta.

Wewe huombi chochote. Anayeomba ni kampuni ya mafundi, na lazima iwe na cheti cha MCS, mpango unaothibitisha ubora wa mafundi na mashine za aina hii. Litafute jina lake kwenye tovuti ya MCS. Stika kwenye gari haitoshi. Fundi anakuja kupima, kisha anatoa kotesheni yenye bei kamili na ruzuku ikiwa imekatwa chini yake. Mkikubaliana anapeleka ombi Ofgem. Ofgem inakuandikia wewe barua pepe ikitaka uthibitishe kwamba umemruhusu. Ukishathibitisha, na mambo mengine yakiwa sawa, vocha inatoka kwa kampuni. Vocha ya pampu ya hewa huishi miezi mitatu, ya pampu ya ardhini miezi sita. Ndani ya muda huo mashine ifungwe, iwashwe rasmi, isajiliwe MCS, ndipo kampuni ilipwe. Hela haipiti kwenye akaunti yako hata kidogo. Anayekupigia simu akitaka namba za benki ili "akuwekee ruzuku" ni tapeli, hata akikuamkia shikamoo.

Maombi mengi yanayokwama hukwama kwa mambo madogo. Cheti cha nishati cha nyumba, kile cha EPC, huwa hai miaka 10. Kikiwa kimepita, ombi halisogei mpaka mpimaji aje atoe kingine. Barua pepe ya Ofgem huangukia kwenye takataka za barua pepe, mwenye nyumba hana habari, na fundi anasubiri. Au nyumba iko kwa jina la mke na kotesheni kwa jina la mume. Hakikisheni jina, anwani na barua pepe vinafanana kila mahali kabla ya ombi kutumwa. Pigeni picha boila ya zamani ikiwa bado ukutani, kibati chake cha namba kikisomeka, kwa kuwa Ofgem hukagua baadhi ya nyumba baadaye na kibati kilichokwenda na vyuma chakavu hakipigiki picha.

Hadi Mei 2024 kulikuwa na sharti jingine: kama EPC ilipendekeza sufi ya kuzuia joto darini au kujaza uwazi wa ukuta, ufanye hayo kwanza. Limeondolewa. Fanya hata hivyo, angalau darini. Sufi ya milimita 270 ndicho kipimo kinachopendekezwa, ni kazi ya siku moja, na inapunguza ukubwa wa kila kitu utakachonunua baada yake.

Kuhusu malipo: kazi ya pampu ya hewa kwa nyumba ya vyumba vitatu huzunguka pauni 12,000 hadi 14,000 kabla ya ruzuku, hivyo mfukoni mwako hutoka kama 4,500 hadi 6,500. VAT ni asilimia 0 hadi tarehe 31 Machi 2027. Ukiona asilimia 20 kwenye kotesheni, uliza. Kampuni zilizo chini ya RECC, kanuni za kumlinda mteja wa nishati mbadala, haziruhusiwi kudai malipo ya awali yanayozidi asilimia 25 ya bei ya mkataba. Anayetaka nusu kabla hajapima nyumba mwache aende.

Kipimo kabla ya mashine

Fundi mzuri huanza na tepu. Anapima kila chumba: ukuta wa nje ni mita ngapi, ni wa tofali moja zito au wenye uwazi katikati, dirisha lina vioo vingapi, sakafu ni zege au mbao, juu kuna chumba au dari. Anaandika kila rejeta ukubwa na aina yake. Nyumba ya vyumba vitatu humchukua saa mbili au tatu. Kisha anakokotoa kila chumba kinapoteza wati ngapi nje ikiwa kama nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, ndani sebule ikiwa 21, vyumba vya kulala 18, bafu 22. MCS inadai hesabu hii ifanywe chumba kwa chumba. Aliyeuliza idadi ya vyumba kwenye simu na kukutumia bei jioni hajafanya hesabu hiyo.

Unaweza kumhakiki. Chukua uniti za gesi ulizotumia mwaka mzima, gawanya kwa 2,900. Nyumba iliyotumia uniti 12,000 inatoa kama kilowati 4. Ni makadirio ya haraka tu, na yanadanganya kwa nyumba inayoachwa baridi kutwa au ambayo nusu ya vyumba haiwashwi, lakini yakisema 4 na kotesheni ikasema mashine ya kilowati 12, kuna la kuelezana. Wengi hudhani mashine kubwa ni usalama. Kwa pampu ya joto ni kinyume. Kompresa ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kwenda chini yake, na mashine ya kilowati 12 kwenye nyumba inayohitaji 2 siku ya kawaida ya Novemba itawaka, itashiba baada ya dakika chache, itazima, itawaka tena, kutwa nzima. Kila kuwaka ni umeme uliopotea na kompresa iliyochakaa.

Kisha rejeta. Namba iliyoandikwa dukani ni ya rejeta iliyo moto kuliko chumba kwa nyuzi 50, hali ya boila ya gesi. Rejeta ya Type 22, ile yenye paneli mbili na mapezi mawili katikati, milimita 600 kwa 1,000, huandikwa takriban wati 1,700. Peleka maji ya nyuzi 45 yarudi 40: wastani ni 42.5, chumba kikiwa 20.5 pengo ni 22. Gawanya 22 kwa 50, pandisha kwa kipeo cha 1.3, unapata 0.34. Rejeta yako ya wati 1,700 sasa ni ya wati 580. Sebule inayopoteza wati 1,100 inahitaji mbili za namna hiyo, au moja iliyo nene na ndefu zaidi. Rejeta ndogo ya paneli moja chini ya dirisha, iliyotosha miaka 20 ya gesi, haitatosha, na hakuna mashine itakayoitibu.

Hapa ndipo kotesheni mbili hutofautiana kwa pauni 2,000. Kampuni ya kwanza inabadilisha rejeta sita na kusanifu kwa nyuzi 45. Ya pili haigusi rejeta, inasanifu kwa 55, na bei yake inapendeza. Zote mbili zinapata vocha ileile. Tofauti inalipwa na wewe, kwenye umeme, kwa miaka 15 au 20 ya uhai wa mashine. Ukitakiwa kuchagua mahali pa kuweka pauni zako za nyongeza, ziweke kwenye rejeta kabla ya kuziweka kwenye mashine ya jina kubwa.

Mtihani unaoweza kujifanyia bila fundi: siku ya baridi ya Januari, teremsha joto la maji ya rejeta kwenye boila yako ya gesi hadi 50 na uiache iwake mfululizo. Boila za kombi, zinazopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi, zina kitufe cha rejeta na kingine cha maji ya bomba. Gusa cha rejeta tu. Mwenye tangi la maji ya moto asiache boila chini ya 65 kwa muda mrefu, maana tangi lazima liendelee kufika 60. Vyumba vikibaki na joto, nyumba yako iko karibu kabisa na tayari. Chumba kimoja kikipoa, umekijua kinachohitaji rejeta mpya, na umekijua bure.

Mabomba nayo yana kikomo. Pampu ya joto husukuma maji mengi kuliko boila kwa sababu yanarudi yakiwa yamepoa nyuzi 5 tu badala ya 20. Kwa pengo hilo la 5, na mwendo wa maji wa mita 1 kwa sekunde, bomba la shaba la milimita 28 hubeba kilowati 11, la 22 hubeba 6.5, la 15 hubeba 3, na yale membamba ya 10 yaliyopendwa miaka ya 1970 na 1980 hubeba moja na robo hivi. Bomba la 10 linaloingia kwenye rejeta moja ya chumba cha kulala halina shida. Shida ni mashine inayotokea nje kwa bomba la 22 wakati hesabu inadai 28, au mabomba ya 8 yaliyofichwa ndani ya zege ambayo hakuna anayejua yanapopita. Mwulize fundi: "Bomba kuu la mashine ni milimita ngapi, na umelihesabu kwa lita ngapi kwa dakika?" Kilowati 6 zinahitaji kama lita 17 kwa dakika. Mwenye jibu anajibu hapohapo.

Tangi, ukuta na fyuzi

Nyumba nyingi zenye boila ya kombi hazina tena kabati la tangi; liligeuzwa stoo ya masanduku. Pampu ya joto inalihitaji tena. Hesabu ya kawaida ni lita 45 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu wanne huishia kwenye tangi la lita 180 hadi 210. Familia yenye wageni kila likizo na mama mkwe anayekaa miezi mitatu ifikirie 250. Koili ya ndani iwe na eneo la mita 3 za mraba hivi. Koili ndogo ya tangi la zamani la boila hailipitishi joto la maji ya nyuzi 50 kwa kasi inayofaa, na ndiyo sababu "tutalitumia tangi lako lilelile" si punguzo zuri. Lita 210 pamoja na chuma chake hupita kilo 250, basi sakafu ya mbao juu ya ghorofa ikaguliwe. Maji ya bomba yanatosha yakiwa 48 hadi 50, na mara moja kwa wiki mashine huyapandisha hadi 60 kuua bakteria wa Legionella. Hakikisha ratiba hiyo ni ya mara moja kwa wiki. Iliyoachwa iwe kila siku kwa hita ya umeme ya ndani ya tangi hula bili kimyakimya.

Nje, kanuni za England zililegezwa tarehe 29 Mei 2025: sharti la kukaa mita 1 kutoka mpaka wa jirani limeondoka, na ujazo wa mashine unaoruhusiwa bila kibali cha mipango kwa nyumba umepanda kutoka mita za ujazo 0.6 hadi 1.5. Kelele bado inahesabiwa. Kwa kipimo cha MCS 020 isizidi desibeli 37 kwenye dirisha la jirani lililo karibu, na hesabu hiyo iwe kwenye makaratasi yako, kwa sababu jirani akilalamika ndiyo ngao yako. Usiiweke mashine kwenye kona ya kuta tatu. Sauti inarudi, na hewa baridi iliyotemwa inavutwa tena.

Mashine nyingi mpya zinatumia gesi ya R290, yaani propeni, ambayo uzito wake kwa tabianchi ni 3 tu ukilinganisha na 675 wa R32, gesi ya mashine nyingine nyingi. Ni gesi nzuri, na inawaka, na ni nzito kuliko hewa. Kila mtengenezaji anachora eneo la usalama kuzunguka mashine ambamo hapatakiwi mlango, dirisha la chini, tundu la hewa la sakafu, wala mfereji wa maji machafu. Nyumba za msururu zenye ua mdogo nyuma hushindwa hapa zaidi ya zinavyoshindwa kwenye kelele. Hilo fundi alitambue siku ya kupima, si siku ya kufunga vocha ikiwa imebakiza wiki mbili.

Siku za unyevu wa nyuzi 0 hadi 3, koili ya nje huganda na mashine hugeuza mzunguko kuiyeyusha. Zinatoka lita kadhaa za maji. Yakimwagika kwenye njia ya kupitia, usiku yanageuka kioo. Chini ya mashine pachimbwe shimo lenye kokoto, au maji yaongozwe kwa bomba lenye waya wa kupasha.

Umeme una vikwazo vyake. Kampuni ya nyaya za mtaa, London na kusini-mashariki ikiwa UK Power Networks, lazima ijulishwe. Fyuzi kuu ya ampea 60 huenda ikabadilishwa kuwa 80 au 100. Kubwa zaidi ni pale waya unaokuletea umeme unapokuwa umepitia nyumba ya jirani. Lazima utenganishwe, uchimbaji wa barabara unahusika, na miezi mitatu ya vocha inaweza kuisha hivihivi. Basi piga picha ya kisanduku cha mita na fyuzi, ipelekwe kwa kampuni ya nyaya kabla ombi la vocha halijatumwa.

Ya kukataa kwenye kotesheni

Kuna vitu vinavyoongezwa kwa mazoea. Cha kwanza ni tangi la kati linalotenganisha mzunguko wa mashine na wa rejeta. Kwenye nyumba ndogo yenye mzunguko mmoja mara nyingi halihitajiki, na maji yanachanganyika humo: mashine inatoa 50, rejeta zinapata 45, na wewe umelipia 50. Kama ujazo wa maji ni mdogo kwa kazi ya kuyeyusha barafu, tangi dogo kwenye bomba la kurudi linatosha. Cha pili ni glaikoli ya kuzuia maji yasigande. Inapunguza uwezo wa maji kubeba joto na lazima ipimwe kila mwaka. Valvu mbili za kuzuia mgando kwenye mabomba ya nje, zinazofunguka maji yakikaribia nyuzi 3, hufanya kazi hiyohiyo umeme ukikatika. Cha tatu ni vidhibiti vya joto kila chumba. Vinafunga rejeta moja baada ya nyingine, maji yanakosa pa kwenda, na mashine inarudi kwenye kuwaka na kuzima.

Visivyotakiwa kukosa ni kichujio chenye sumaku, kusafishwa kwa matope ya zamani ndani ya rejeta, sufi nene isiyopitisha maji kwenye mabomba ya nje, mizunguko ya umeme yenye swichi yake, matangi mawili ya kupanukia maji, na mtu mwenye sifa ya G3 kwa tangi la shinikizo. Anayeziba gesi awe kwenye daftari la mafundi wa gesi, Gas Safe. Na juu ya ukurasa, kwa maandishi: joto la maji lililosanifiwa, na wastani wa mwaka anaoukadiria.

Kwa wasiofaa hapa

Scotland haimo kwenye mpango huu. Huko kuna Home Energy Scotland: ruzuku hadi pauni 7,500, au 9,000 vijijini na visiwani, pamoja na mkopo usio na riba hadi 7,500. Utaratibu ni kinyume cha England, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayeomba, na ukianza kazi kabla ya barua ya kukubaliwa umepoteza.

England, mwenye kipato cha kaya kisichozidi pauni 36,000 na nyumba ya daraja D hadi G kwenye EPC aulize kaunsili yake kwanza kuhusu Warm Homes: Local Grant, iliyoanza 2025. Inalipia sufi na hata pampu yenyewe, na mwenye nyumba anayeishi humo halipi chochote. Kukimbilia vocha ya 7,500 wakati unastahili hii ni kujitoza elfu tano bure.

Majira ya baridi ya kwanza

Siku ya kukabidhiwa, dai cheti cha MCS, hesabu ya upotevu wa joto, hesabu ya kelele, dhamana, na nenosiri la kidhibiti kama lipo. Kisha mwambie fundi akuonyeshe mkunjo wa hali ya hewa, mahali mashine inapopangiwa maji yawe nyuzi ngapi kulingana na baridi ya nje. Tuseme 45 nje ikiwa 3 chini ya sifuri, na 28 nje ikiwa 15. Mafundi wengi huuacha juu ili wasipigiwe simu. Fungua valvu zote za rejeta hadi mwisho, pandisha kidhibiti cha ukutani kisiingilie, acha mashine iende usiku na mchana, na uteremshe mkunjo nyuzi moja au mbili kila baada ya siku mbili. Nyumba ya tofali hujibu polepole, hivyo kuhukumu baada ya saa tatu ni kujidanganya. Chumba cha kwanza kulalamika kikipatikana, punguza kidogo valvu za chini za rejeta za vyumba vyenye joto la ziada ili maji yaelekee kwake, kabla hujaurudisha mkunjo juu. Kila nyuzi uliyofanikiwa kuishusha inakata umeme kwa asilimia 2 hadi 3. Mwisho wa Februari soma mita ya joto na ya umeme kwenye skrini, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa chini ya 3, mwite fundi aje na laptopu, na umwonyeshe ile namba aliyoiandika juu ya kotesheni.